Mji Unaponunua Tena Nyumba Ulizouza: Mfano wa Berlin

Upungufu wa nyumba mijini kwa kawaida huelezwa kama tatizo la ujenzi: watu wameongezeka, nyumba hazikuongezeka, basi dawa ni kujenga. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Katika miji mingi nyumba zipo na zina watu ndani yake. Kinachobadilika ni mwenye nyumba, na pamoja naye kiwango cha kodi. Mpangaji aliyekaa mahali pamoja kwa miaka ishirini hupokea barua kwamba jengo limeuzwa, na tangu siku hiyo hana hakika kama mshahara au pensheni yake itatosha kumweka katika mtaa wake. Kwa sababu hiyo, halmashauri kadhaa za miji ya Ulaya zimechukua hatua isiyo ya ujenzi. Zinanunua fleti zilizomo mikononi mwa watu na makampuni binafsi, na kuzifanya nyumba za umma za kodi nafuu.

Mji wa Berlin, makao makuu ya Ujerumani, ni mfano ufaao kuchunguzwa. Berlin ni mji na wakati huo huo ni jimbo kamili la shirikisho. Kwa hiyo serikali yake, iitwayo Seneti, ina madaraka ya halmashauri na ya jimbo pia, na chini yake zipo wilaya 12. Kaya zaidi ya 8 katika kila 10 mjini humo zinaishi katika nyumba za kupanga. Zaidi ya hayo, katika muda usiozidi miaka ishirini mji huo uliuza fleti zake kwa makumi ya maelfu, kisha ukarudi sokoni kununua. Hesabu ya kuuza na hesabu ya kununua zaweza kuwekwa bega kwa bega.

NYUMBA YA KODI NAFUU NI NINI?

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: nyumba iliyofungwa na masharti ya ruzuku, na nyumba iliyo mali ya umma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ya Ujerumani ilikuwa magofu. Kwa sheria ya mwaka 1950, serikali ya Ujerumani Magharibi ilitoa mikopo ya riba ndogo na misaada mingine kwa kila aliyekuwa tayari kujenga, awe mtu binafsi, kampuni, chama cha ushirika au shirika la mji. Mjenzi naye alikubali masharti mawili: kodi isizidi kiwango kilichowekwa, na fleti wapangishwe watu wenye cheti cha kuonyesha kwamba kipato chao ni kidogo. Masharti hayo hayakuwa ya milele. Muda ulipokwisha, au mkopo ulipolipwa, fleti iligeuka kuwa mali ya kawaida ya soko, na mwenyewe akawa huru kuipangisha kama apendavyo, ilimradi afuate sheria za jumla za upangaji.

Mpango huo ulijenga nyumba nyingi kwa haraka, lakini ulikuwa na kasoro iliyofichwa na wakati. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ujerumani Magharibi peke yake ilikuwa na fleti za namna hiyo zipatazo milioni 4. Kufikia mwaka 2022, Ujerumani nzima, mashariki na magharibi, ilibakiwa na milioni 1.1 hivi. Sehemu kubwa ya fleti zilizopungua hazikubomolewa. Bado zinasimama pale pale, zina milango na madirisha yale yale. Kilichokwisha ni masharti.

Fleti iliyo mali ya mji ni jambo jingine. Humo kodi nafuu haitegemei mkataba wenye tarehe ya mwisho, bali hutegemea uamuzi wa mwenye mali, yaani wananchi kupitia baraza lao. Berlin ina mashirika makubwa sita ya nyumba ambayo ni mali ya mji, nayo kwa jumla yana fleti zaidi ya 300,000. Kwa makubaliano kati yao na Seneti, zaidi ya nusu ya fleti zinazoachwa wazi kila mwaka sharti zipewe watu wenye cheti cha kipato kidogo. Ulinzi huu unaweza kudumu vizazi na vizazi, lakini nao una sharti lake moja: mji wenyewe usiuze.

MIAKA YA KUUZA

Mwaka 1990, Ujerumani mbili zilipoungana, mashirika ya umma ya Berlin Magharibi na ya Berlin Mashariki kwa pamoja yalikuwa na fleti karibu nusu milioni. Upande wa mashariki nyingi zilikuwa katika majengo marefu yaliyounganishwa kwa vipande vya zege kutoka viwandani. Msomaji anayeyajua majumba ya Michenzani huko Unguja, ambayo chimbuko lake ni ushauri na msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, anaweza kukisia sura ya mitaa hiyo.

Matumaini ya muungano yalikuwa makubwa, lakini hazina ya mji haikuyafuata. Ruzuku kutoka serikali ya shirikisho zilipunguzwa, viwanda vingi vikafungwa, na mwaka 2001 benki iliyokuwa na hisa nyingi za mji ikakaribia kufilisika kwa sababu ya biashara mbaya ya majengo. Katikati ya miaka ya 2000 madeni ya Berlin yalizidi euro bilioni 50. Wakati huo huo fleti zipatazo 100,000 zilikuwa tupu, kwa maana watu walikuwa wakihamia vitongoji vya nje na majimbo mengine. Mbele ya macho ya waweka hazina, nyumba za mji zilionekana mali iliyolala, na kuziuza kukaonekana busara.

Shirika la GEHAG, ambalo katika miaka ya 1920 lilijenga mitaa mashuhuri ya wafanyakazi, liliuzwa mwaka 1998. Mwaka 2004 likafuata shirika la GSW, lililokuwa na fleti zipatazo 65,000. Wanunuzi walikuwa mifuko ya uwekezaji kutoka Marekani. Walilipa euro milioni 405 na kuchukua pia madeni ya shirika yaliyozidi euro bilioni 1.5. Kwa njia mbalimbali, fleti zaidi ya 200,000 zilitoka mikononi mwa mji katika miaka ile.

Mifuko hiyo haikununua ili ikae. Hisa za GSW zilipelekwa kwenye soko la hisa mwaka 2011, na mwaka 2013 kampuni yote ikamezwa na Deutsche Wohnen, ambayo kwa hatua hiyo ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mjini. Nayo Deutsche Wohnen ilichukuliwa na kampuni ya Vonovia mwaka 2021. Katika kila hatua wapangaji walikuwa wale wale; waliobadilika walikuwa wakubwa wa kodi yao.

Hali ya mji nayo iligeuka. Kati ya mwaka 2011 na 2021 wakazi wa Berlin waliongezeka kwa zaidi ya 300,000. Fleti tupu zikajaa. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, riba za benki zilishuka mno, na wenye fedha duniani wakatafuta mahali pa kuziweka. Nyumba za Berlin, zilizokuwa na bei ya chini zikilinganishwa na za Paris au London, ziliwavutia. Bei ikapanda kuliko mishahara.

NJIA TATU ZA KURUDISHA

Mji unaotaka kupata fleti zilizo mikononi mwa watu binafsi una njia tatu. Berlin imezigusa zote.

Njia ya kwanza ni kununua kwa hiari ya pande zote mbili, kama mnunuzi mwingine yeyote. Mwaka 2019 shirika la mji liitwalo Gewobag lilinunua fleti karibu 6,000 katika wilaya za Spandau na Reinickendorf kwa euro milioni 920. Hizo ni nyumba ambazo zamani zilikuwa za GSW; mji ulikuwa unanunua ulichokuwa umekiuza. Mwaka 2021 ulifanyika ununuzi mkubwa zaidi: mashirika ya umma yalichukua fleti zipatazo 14,750 kutoka kwa Vonovia na Deutsche Wohnen kwa euro bilioni 2.46.

Njia ya pili ni haki ya kutangulia kununua. Wanaoijua fikihi wataitambua mara moja, kwa kuwa inafanana na shufaa, ambayo humpa mshirika katika mali isiyogawanywa haki ya kuichukua sehemu ya mwenziwe kabla ya mgeni, kwa bei ile ile ambayo mgeni alikubali kulipa. Katika sheria ya ujenzi ya Ujerumani, wilaya yaweza kutangaza mtaa fulani kuwa eneo la kulinda muundo wa wakazi wake. Jengo likiuzwa humo, wilaya hupewa muda wa kufikiri, ambao ulikuwa miezi miwili na tangu 2021 ukawa mitatu. Katika muda huo mnunuzi aweza kutia sahihi ahadi kwamba hataligeuza jengo kuwa la anasa wala kuzitenga fleti ili aziuze mojamoja. Akikataa, wilaya huingia mahali pake, na mara nyingi hulikabidhi jengo kwa shirika la nyumba la mji au chama cha ushirika.

Kwa miaka kadhaa haki hiyo ilitumiwa sana, hasa katika wilaya ya Friedrichshain-Kreuzberg. Nguvu yake kubwa haikuwa katika majengo yaliyonunuliwa, bali katika ahadi zilizotiwa sahihi na wanunuzi waliohofia kunyang'anywa biashara. Lakini tarehe 9 Novemba 2021 Mahakama ya Utawala ya Shirikisho iliyoko Leipzig ilitoa hukumu kuhusu jengo moja la wilaya hiyo, lenye fleti 20, lililouzwa mwaka 2017. Mahakama ilisema kwamba sheria inazuia haki hiyo kutumika pale jengo linapotumiwa kulingana na masharti ya eneo na halina kasoro kubwa. Wilaya, kwa maneno ya hukumu hiyo, haiwezi kutegemea dhana kwamba mnunuzi atafanya ubaya baadaye. Tangu hapo chombo hicho kikapoteza makali yake, isipokuwa kwa majengo yaliyoachwa yachakae.

Njia ya tatu ni kutwaa. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili si la vitabuni. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba; mwaka 1990 kazi zake zikahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Tofauti iko katika mamlaka: Tanzania iliyatwaa majengo kwa sheria ya serikali kuu, ilhali halmashauri ya mji wa Ulaya haina uwezo huo mkononi mwake. Hata hivyo, katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 ina kifungu cha 15 kinachoruhusu ardhi na njia za uzalishaji zifanywe mali ya jamii kwa fidia. Kifungu hicho hakikupata kutumiwa. Tarehe 26 Septemba 2021 wananchi wa Berlin walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 57 ya waliopiga kura walitaka makampuni yenye fleti zaidi ya 3,000 mjini yatwaliwe. Makisio yalikuwa fleti 240,000 hivi. Tume ya wataalamu wa sheria iliyoundwa na Seneti ilitoa ripoti yake Juni 2023, na wengi wa wajumbe wake walisema kwamba hatua hiyo yawezekana kisheria. Hata hivyo kura ile haikuwa sheria yenyewe. Ilikuwa agizo kwa Seneti kutayarisha sheria, na wakati wa ripoti hakuna fleti hata moja iliyokuwa imetwaliwa.

HESABU YA MNUNUZI

Tukirudi kwenye ununuzi wa kawaida, swali la kwanza ni la bei. Tukigawanya kijuujuu, mauzo ya mwaka 2004, pamoja na madeni yaliyochukuliwa, yaliupa mji kiasi cha euro 30,000 kwa kila fleti. Ununuzi wa mwaka 2021 uligharimu karibu euro 167,000 kwa kila fleti. Kwa maneno mengine, mji ulitoa fedha nyingi zaidi kwa fleti 14,750 kuliko zile ulizopata kwa 65,000. Bidhaa kwa ujumla nchini Ujerumani zilipanda bei kwa chini ya theluthi moja katika kipindi hicho. Bei hii ya fleti ilipanda zaidi ya mara tano. Ni kweli kwamba si fleti zile zile zote, na hali ya majengo hutofautiana. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuelezwa na tofauti hizo tu.

Swali la pili ni riba. Shirika la nyumba hununua kwa mkopo na kulipa kwa kodi za wapangaji. Chukua mfano wa fleti ya mita 60 za mraba iliyonunuliwa kwa euro 167,000 zote za mkopo. Kodi iwe euro 6.50 kwa kila mita kwa mwezi, kiwango kilicho karibu na kile cha mashirika ya mji mwaka ule. Kwa mwaka mapato ni euro 4,680. Riba ikiwa asilimia 1, malipo yake ni euro 1,670, na zinabaki euro 3,010 za kutengeneza paa, kulipa watumishi na kupunguza deni. Riba ikiwa asilimia 4, malipo yake ni euro 6,680, na shirika linapata hasara ya euro 2,000 kabla hata ya kununua ndoo moja ya rangi. Fleti ni ile ile, mpangaji ni yule yule. Kilichotofautiana ni wakati wa kukopa. Kuanzia Julai 2022 Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba kwa haraka, na mlango wa ununuzi mkubwa ukawa mwembamba.

Swali la tatu ni uzima wa jengo. Ununuzi wa mwaka 2021 ulilaumiwa kwa sababu mitaa kadhaa iliyonunuliwa ilijengwa katika miaka ya 1960 na 1970, na ilishukiwa kuwa na asbesto, pamoja na matengenezo mengi yaliyoahirishwa. Mwenye nyumba aliyetangulia alikusanya kodi. Bili ya fundi ilimngojea mwenye nyumba wa umma.

KINACHOPATIKANA NA KISICHOPATIKANA

Wapinzani wa sera hii wana hoja nzito: ununuzi hauongezi fleti hata moja. Familia isiyo na nyumba leo haitapata mlango mpya kwa sababu jengo limebadilisha hati. Sheria ya Ujerumani pia husema kwamba kuuza nyumba hakuvunji upangaji. Mpangaji aliyemo hubaki na mkataba wake, awe maskini au mwenye nafasi. Mji hupata uwezo wa kuchagua mpangaji pale tu fleti inapoachwa wazi, na katika mji ambao kodi ya mikataba mipya ni kubwa kuliko ya zamani, watu hawahami. Kwa hiyo matunda ya ununuzi huiva polepole. Fedha zile zile zikipewa wajenzi, husema wapinzani, zingeongeza idadi ya nyumba.

Hoja hiyo haipingiki kwa upande wa idadi, lakini haijibu swali la mpangaji aliyepokea barua ya mauzo. Kinachonunuliwa na mji si matofali tu, bali ni madaraka: ya kuamua kodi ya fleti ile mwaka ujao, na ya kuamua nani aingie atakapoondoka au kufariki yule aliyemo. Madaraka hayo huwafaa waliomo tangu siku ya kwanza, na huwafaa walio nje kadiri miaka inavyokwenda. Kujenga humpa nyumba mtu asiyekuwa nayo. Kununua humzuia aliye nayo asiipoteze. Mji wenye busara hauchagui moja na kuitupa nyingine, bali hupima ni ipi inayofaa kwa bei na riba za wakati uliopo.

Mfano wa Berlin unaonyesha pia kwamba hesabu hiyo haianzi siku ya kununua. Mwaka 2004 mji ulikuwa na fleti tupu na madeni mengi, na bei iliyolipwa ilikuwa bei ya soko la siku ile. Hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa kupima mali ya miaka mia kwa shida ya miaka mitano. Nyumba ya umma haionyeshi thamani yake wakati ambapo nyumba ni nyingi. Huionyesha pale zinapokuwa haba, na wakati huo bei ya kuirudisha huwekwa na yule aliyeinunua. Halmashauri yoyote inayoshauriwa leo kuuza nyumba zake ili kuziba pengo la bajeti yafaa iulize, kabla ya kutia sahihi, ni kiasi gani watakaokuja baada yake watatakiwa kulipa ili kuzipata tena, na ni wapangaji wangapi watakaokuwa wamekwisha kuhama kabla ya siku hiyo kufika.